Mpiga piano mkongwe akiimba tungo zake, tumwite nani?

Likitoka tangazo la onesho lenye picha ya mzee aliyeketi kwenye piano, na chini yake maneno "gwiji wa jazi na bluzi, mtunzi na mwimbaji wa nyimbo zake", ubishi hauchelewi. Mmoja atasema huyo si wa jazi, maana jazi haina maneno. Mwingine atasema si wa bluzi pia, maana bluzi ni gitaa na majonzi. Wa tatu atashangaa: mtunzi-mwimbaji si yule kijana mwenye gitaa na kiti kirefu? Mzee wa miaka themanini kaingiaje humo? Wote watatu wanaupenda muziki kwa dhati, ila wanabishana kana kwamba maneno hayo ni vyumba vitatu vya nyumba moja, na ukiwa katika kimoja huwezi kuwamo katika kingine.

Tuyatazame kama majibu ya maswali matatu. Bluzi hujibu swali: wimbo huu umejengwaje? Jazi hujibu: unapigwaje? Mtunzi-mwimbaji hujibu: nani kautunga, na nani anauimba? Mtu anaweza kuwa mrefu, akawa seremala, akawa na watoto wanne, na hakuna atakayemwambia achague moja. Mpiga piano wetu yuko vivyo hivyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Mose Allison wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1927 Tippo, kijiji cha mashamba ya pamba katika jimbo la Mississippi, na akafariki mwaka 2016 akiwa na miaka 89. Alihamia New York mwaka 1956, akawapigia piano wapuliza saksafoni wakubwa wa jazi akiwemo Stan Getz. Lakini alipokaa mbele ya kundi lake mwenyewe, yeye kwenye piano, mwenzake kwenye besi na mwingine kwenye dramu, aliimba nyimbo fupi alizozitunga mwenyewe, nyingi zikiwa na umbo la bluzi, na katikati ya beti akapiga solo la jazi, yaani sehemu ambayo mpigaji mmoja huongoza na kubuni. Maswali yote matatu yalikuwa na jibu kwake.

Bluzi: nyumba ya vipimo 12

Tuanze na lililo rahisi. Bluzi ni muziki uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini baada ya utumwa kukomeshwa, na ulishakuwa na umbo linalotambulika kufikia mwanzo wa karne ya 20. Mtunzi W. C. Handy alichapisha bluzi yake ya kwanza iliyovuma mwaka 1912. Santuri ya kwanza ya bluzi kuimbwa na mwanamke Mweusi ilirekodiwa New York Agosti 1920. Mwimbaji alikuwa Mamie Smith, na mtunzi alikuwa Perry Bradford, ambaye naye alikuwa mpiga piano. Shika hilo la mtunzi mmoja na mwimbaji mwingine, maana tutalirudia.

Umbo lenyewe ni jepesi kulieleza kwa msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu ina istilahi za ushairi zilizokomaa. Ubeti wa bluzi una mishororo mitatu, kama tathlitha. Tofauti ni kwamba mshororo wa pili huurudia wa kwanza, na wa tatu ndio unaojibu. Nijaribu mmoja:

Nimerudi usiku huu, mlango haufunguki,
Naam, nimerudi usiku huu, mlango haufunguki,
Ufunguo ni ule ule, ila mwenye nyumba habembelezeki.

Marudio hayo yana kazi. Mshororo wa kwanza unakupa habari. Wa pili unakuacha uikalie habari hiyo, ujiulize kunani. Wa tatu unafungua fumbo. Zamani, mwimbaji aliyetunga papo hapo aliyahitaji marudio hayo pia kwa sababu ya kawaida kabisa: yalimpa nafasi ya kufikiria mshororo wa mwisho.

Chini ya maneno kuna hesabu. Kipimo kimoja cha bluzi kwa kawaida ni mapigo manne: moja, mbili, tatu, nne. Kila mshororo hupewa vipimo vinne, na mishororo ikiwa mitatu unapata vipimo 12. Ndani ya vipimo hivyo, mpigaji husafiri kati ya kodi tatu tu. Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Chukulia kodi ya kwanza ni nyumbani. Mshororo wa kwanza wote uko nyumbani. Mshororo wa pili unatoka kwenda kwa jirani, unakaa vipimo viwili, unarudi. Wa tatu unapanda kilimani, mahali unapoiona nyumba kwa mbali na kutamani kurudi, kisha unashuka kupitia kwa jirani hadi mlangoni. Halafu safari inaanza upya kwa ubeti unaofuata. Ukishaijua njia hiyo utaitambua katika maelfu ya nyimbo, zikiwemo nyingi za roki na nyingi za jazi.

Hapa ndipo dhana kwamba bluzi ni muziki wa kulia inapoanza kuyumba. Huzuni ipo, na ilikuwa na sababu. Waliouanzisha muziki huu waliishi chini ya sheria za ubaguzi na kazi za mashamba zisizowatoa kwenye deni. Lakini rudi kwenye ubeti wetu wa mlango. Anayeimba amefungiwa nje, na bado amepata nguvu ya kuligeuza jambo mpaka msikilizaji anatabasamu. Umbo lenyewe linamdai mwimbaji, kila baada ya mishororo miwili, aseme neno la kuigeuza hali. Ndiyo maana kuna bluzi za kuchezwa, za kutaniana, za kujigamba na za kudai nauli. Ukiimba majonzi matupu bila kuyageuza, umeimba nusu ya ubeti.

Jazi: wimbo unaojulikana, safari isiyojulikana

Jazi ilikua New Orleans, mji wa bandari katika jimbo la Louisiana, na santuri ya kwanza inayohesabiwa kuwa ya jazi ilitoka mwaka 1917. Imebadilika mara nyingi tangu hapo, kiasi kwamba ukiwasikiliza wanajazi wa 1925 na wa 1965 unaweza kudhani hawana undugu. Kinachowaunganisha ni namna ya kuutendea wimbo.

Fikiria msimulizi hodari anayesimulia kisa ambacho wasikilizaji wote wanakijua. Matukio hayabadiliki: sungura atatoroka, fisi ataaibika. Lakini maneno ya usiku huu ni ya usiku huu. Atarefusha pale watu walipocheka, atanyamaza pale wanapongoja. Mwanajazi hufanya hivyo kwa wimbo. Mzunguko wa kodi ndio kisa, nao hauguswi sana. Mahadhi yanayopita juu yake hubuniwa papo hapo.

Kwa hiyo wanaosema mwanajazi "anapiga chochote kinachomjia" wanakosea, na kosa hilo linaumiza kwa sababu linafuta miaka ya kazi. Anapopiga solo juu ya bluzi ya vipimo 12, anajua kila sekunde yuko kipimo cha ngapi, na mpiga besi anajua, na mpiga dramu anajua. Mmoja akipotea, watasikia wote. Uhuru wao ni ule wa mtu anayezungumza lugha yake ya kuzaliwa: hapangi sentensi kabla ya kufungua kinywa, lakini hakosei ngeli.

Kuna mdundo pia. Wanajazi wengi hawagawi pigo sawasawa. Nusu ya kwanza hurefushwa, ya pili hufupishwa, na muziki unasikika kama mtu anayeshuka ngazi kwa kurukaruka. Kodi nazo huongezwa sauti, zikawa na nne au tano badala ya tatu, na hapo rangi zake huchanganyika: furaha yenye wasiwasi, huzuni yenye matumaini.

Hiyo dhana ya kwamba jazi haina maneno ni ya kushangaza ukikumbuka walioijenga. Jelly Roll Morton, mpiga piano wa New Orleans aliyejitangaza kwamba yeye ndiye aliyeibuni jazi mwaka 1902, alikaa kwenye piano katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington mwaka 1938, akarekodiwa kwa saa nyingi akipiga, akiimba na kusimulia. Dai lake la kuibuni jazi peke yake halikubaliki, lakini rekodi hizo zipo, na ndani yake mpigaji, mtunzi na mwimbaji ni mtu mmoja. Mpiga piano Fats Waller alikuwa hivyo. Nat King Cole, ambaye wengi wanamjua kwa sauti laini tu, alianza kama mpiga piano wa jazi wa kiwango cha juu na kundi lake la watatu lilianza mwaka 1937.

Chombo kisichoweza kulia, na kinavyolizwa

Nitakaa zaidi hapa, kwa sababu nadhani ndipo siri ya mzee wetu ilipo.

Sauti ya bluzi ina tabia moja inayotambulika hata na asiyejua jina lake: haisimami pale inapotarajiwa. Mwimbaji huifikia sauti kwa kuteleza kutoka chini kidogo, akakaa katikati, mahali ambapo si furaha wala si huzuni. Mpiga gitaa huweza kuufuata utelezi huo kwa kuusukuma waya kwa kidole. Mpiga piano hawezi. Piano, iliyobuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence, Italia, karibu na mwaka 1700, ni mashine ya nyundo. Ukibonyeza, nyundo ndogo iliyovikwa sufu nzito hurushwa, hugonga nyaya, na kuachia. Sauti imeshatoka. Vibonyezo ni 88, na kati ya kimoja na jirani yake hakuna kitu, kama vile hakuna nafasi ya kukanyaga kati ya ngazi moja na nyingine.

Basi wapiga piano wa bluzi wakatafuta njia. Kama sauti wanayoitaka iko kati ya vibonyezo viwili, walivipiga vyote viwili kwa pamoja, au walikiteleza kidole kutoka kibonyezo cheusi kwenda cheupe kwa kasi hadi sikio lidhani limesikia kilio. Sikio hudanganyika kwa hiari yake. Kila unaposikia piano "ikilia", ujue mtu amejua mahali hasa pa kuweka vidole viwili vinavyogombana.

Mkono wa kushoto una kazi nyingine kabisa. Ndio besi na ndio dramu. Katika mtindo wa bugi-wugi, unarudia mchoro uleule wa sauti nzito bila kuchoka, nane kwa kila kipimo, kama gari moshi, huku wa kulia ukicheza juu yake. Jina la mtindo huo lilienea kupitia rekodi ya Pinetop Smith ya Desemba 1928, miezi michache kabla hajauawa kwa risasi. Wapiga piano wa Harlem, New York, kama James P. Johnson, walikuwa na namna yao: mkono wa kushoto unaruka kutoka sauti nzito ya chini hadi kodi ya katikati na kurudi, mara mbili kwa kila kipimo, bila kuangalia. Jaribu kupiga meza kwa mkono wa kushoto mapigo ya sawasawa huku wa kulia ukiandika barua. Huo ndio ugumu wake, na bado hatujaanza kuimba.

Sasa ongeza uimbaji. Nilisema kila mshororo wa bluzi una vipimo vinne. Maneno kwa kawaida hayavijazi. Huchukua viwili na kitu, kisha hunyamaza. Nafasi inayobaki ni ya jibu. Katika kundi kubwa, tarumbeta au gitaa hujibu. Mpiga piano anayeimba hujijibu mwenyewe. Kinywa kinasema mlango haufunguki, na mkono wa kulia unasema: nilikwambia. Mkono huohuo unaweza kumkejeli mwimbaji, ukamfariji, ukamkatiza kabla hajamaliza, au ukakataa kujibu na kumwacha peke yake na neno lake. Hakuna wa kuelewana naye kwa kukonyezana, maana mwulizaji na mjibuji wana moyo mmoja na pumzi moja. Ndiyo sababu mimi huthamini sana kumsikia mtu wa namna hii akiwa peke yake jukwaani kuliko akiwa na bendi ya watu kumi.

Kuimba kwa sauti ya karibu namna hii kulikuwa na kikwazo cha kiufundi kwanza. Kabla ya mwaka 1925, waimbaji waliimba ndani ya pembe kubwa la chuma lililopeleka mtikisiko kwenye santuri, na sauti ndogo haikushika. Maikrofoni za umeme zilipoingia studio, ghafla mtu aliweza kuimba kama anavyozungumza. Leroy Carr, mpiga piano wa Indianapolis, alirekodi mwaka 1928 kwa sauti ya chini, kama ya mtu aliyekaa kiti cha jirani yako. Alifariki mwaka 1935 akiwa na miaka 30 hivi tu, lakini namna hiyo ya kuimba bila kupaza haikufa. Ukifuata njia yake utapita kwa Nat King Cole na Charles Brown, naye mpiga piano aliyeimba, ufike kwa Ray Charles, ambaye mwanzoni aliwaiga hao wawili waziwazi kabla hajapata sauti yake mwenyewe. Mose Allison yuko katika ukoo huo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, karibu ya mazungumzo, na aliijua mipaka yake. Piano ilibeba uzito ambao sauti haikuubeba.

Wengine walisukumwa kuimba na njaa. Nina Simone alisomea piano ya muziki wa kale wa Ulaya. Mwaka 1954 alipata kazi ya kupiga piano katika baa moja ya Atlantic City, na mwenye baa akamwambia: uimbe, au kazi hakuna. Akaimba. Miaka 10 baadaye alikuwa akiimba tungo zake mwenyewe kuhusu mauaji ya Weusi wa kusini mwa Marekani, na watu waliozisikia hawakuuliza tena kama ni jazi.

Mtunzi-mwimbaji ni nani hasa?

Kwa maana ya chini kabisa ni mtu anayeimba nyimbo alizotunga yeye, maneno na mahadhi. Neno hilo lingekuwa halina maana katika jamii ambayo kila mwimbaji hutunga. Lilihitajika Marekani kwa sababu kazi hizo mbili zilikuwa zimetenganishwa kwa muda mrefu. Wachapishaji wa muziki wa New York waliajiri watunzi wakae ofisini na piano, watoe nyimbo kama fundi anavyotoa viti, kisha wakawatafutia waimbaji. Ndiyo habari ya Perry Bradford na Mamie Smith.

Mfumo huo ulidumu hadi miaka ya 1960. Carole King alikuwa mmoja wa watunzi hao, akiandikia vikundi vingine nyimbo zilizoshika namba moja tangu mwanzo wa miaka hiyo. Mwaka 1971 alitoa albamu akiimba mwenyewe, na ndani yake akaurudia mmoja wa nyimbo zake za zamani kwa mwendo wa polepole. Watu walisikia kitu ambacho hawakukisikia waimbaji wengine walipouimba. Wakati huohuo vijana wenye magitaa walijaa majukwaani, na neno mtunzi-mwimbaji likashikamana nao. Lakini King alikuwa kwenye piano. Picha ya gitaa ni ajali ya wakati.

Dhana nyingine inasema nyimbo za mtunzi-mwimbaji lazima ziwe maungamo, siri za moyo zilizoandikwa kwa machozi. Allison alikuwa na shahada ya Kiingereza kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, aliyoipata mwaka 1952, na tungo zake zinasomeka kama za mtazamaji: sentensi kavu, zenye ncha, kuhusu unafiki, vita, pesa na akili ya binadamu. Alijiweka ndani ya wimbo kwa namna ya kutazama. Hilo nalo ni utunzi, tena ni gumu zaidi, kwa sababu huna machozi ya kukuokoa mshororo ukiwa dhaifu.

Na je, mtunzi-mwimbaji akiimba wimbo wa mwingine, anapoteza cheo? Hapana. Allison aliimba za wengine maisha yake yote, za watunzi wa bluzi kama Percy Mayfield na Willie Dixon. Walioimba zake nao ni wengi: kundi la The Who la Uingereza, The Clash, Bonnie Raitt, na Van Morrison aliyeshiriki albamu nzima ya tungo za Allison mwaka 1996. Hapo ndipo utaona mtunzi amesimama peke yake. Gitaa za The Who zinapiga kelele, dramu zinapasuka, hakuna hata chembe ya jazi iliyobaki, na wimbo bado ni wake.

Kwa nini jambo hili lina uzito wa fedha

Watu husema nani kautunga si muhimu, muziki ni muziki. Mwulize aliyeutunga.

Kila wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Kuna utunzi, yaani maneno na mahadhi. Kuna rekodi, yaani siku ile, sauti ile, vidole vile. Ni kama ramani ya nyumba na nyumba yenyewe: mchoraji wa ramani anaweza kudai haki kila inapojengwa upya, mjenzi anadai ya nyumba aliyoijenga. Nchini Marekani, redio za kawaida za masafa humlipa mrabaha mtunzi na mchapishaji wake wimbo unapopigwa, lakini hazimlipi mwimbaji wala wapigaji wa rekodi hiyo. Tena tangu sheria ya mwaka 1909, mtu yeyote anaweza kuurekodi upya wimbo uliokwisha kurekodiwa, ili mradi amlipe mwenye utunzi kiwango kilichowekwa.

Kwa mpiga piano wa jazi hilo lina makali yake. Anaweza kubuni solo la dakika nne, zuri kuliko wimbo wenyewe, na mrabaha wa utunzi ukaenda wote kwa aliyeandika mahadhi ya mwanzo. Hii ni sababu moja iliyowafanya wanajazi wa miaka ya 1940 waweke mahadhi mapya juu ya mizunguko ya kodi ya nyimbo za zamani, kwa kuwa mzunguko wa kodi peke yake kwa kawaida haumilikiwi na mtu. Vipimo 12 vya bluzi ni vya wote. Maneno unayoyaweka juu yake ni yako.

Hakuna aliyeijua tofauti hii vizuri kama Allen Toussaint, mpiga piano wa New Orleans aliyezaliwa mwaka 1938. Tangu ujana wake alikuwa nyuma ya vioo vya studio, akitunga, akipanga vyombo na kuwaandikia wengine. Baadhi ya nyimbo alizisajili kwa jina la mama yake, Naomi Neville. Mwaka 1975 aliimba mwenyewe wimbo mmoja tulivu kuhusu usiku wa kusini, ukapita bila kishindo. Miaka miwili baadaye mwimbaji wa kantri Glen Campbell aliurekodi, ukashika namba moja Marekani. Sauti ilikuwa ya Campbell. Utunzi ulibaki wa Toussaint.

Mkongwe, na anachokijua

Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliifurikisha New Orleans na kuizamisha nyumba ya Toussaint pamoja na studio yake. Akahamia New York, akiwa na miaka 67, na kazi aliyoipata ni ile aliyoikwepa muda wote: kukaa peke yake kwenye piano mbele ya watu, katika ukumbi mdogo uitwao Joe's Pub, na kuimba nyimbo zake. Zile ambazo dunia ilizijua kwa midomo ya wengine, sasa zilitoka kwake, na kati ya wimbo na wimbo alisimulia zilivyozaliwa. Msikilizaji aliyezisikia miaka 40 redioni aligundua zilikuwa na mtu mmoja nyuma yake.

Sitaki tuseme uongo kuhusu uzee. Nyuzi za sauti hupoteza mnyumbuko, sauti za juu huondoka, pumzi hufupika. Vidole navyo hupungua kasi. Lakini mpiga piano anayeimba ana nafuu ambayo mwimbaji mtupu hana, kwani kila kitu kiko mikononi mwake. Wimbo ni kama ngazi inayoweza kusogezwa. Sauti ya juu ikimshinda, anaanzia chini zaidi, na hakuna bendi ya kuiarifu. Mshororo ukiwa mrefu kuliko pumzi, anaukata katikati na kuujaza pengo kwa mkono wa kulia. Anaweza kuuzungumza mshororo badala ya kuuimba, na kwa kuwa bluzi ilishapokea sauti ya mazungumzo tangu siku za Leroy Carr, hakuna kilichovunjika.

Kasi ikipungua, uchaguzi hukomaa. Kijana hujaza kila nafasi. Mzee hupiga sauti mbili pale angepiga kumi, na kwa kuwa nafasi ya jibu imebaki wazi, msikilizaji mwenyewe huanza kujibu moyoni. Allison alitoa albamu mwaka 2010, akiwa na miaka 82, baada ya miaka 12 bila kutoa mpya ya studio. Sauti ina mikwaruzo, piano ina mapengo mengi, na maneno yanasikika kuliko wakati wowote. Pinetop Perkins, mpiga piano wa bluzi kutoka Mississippi, alipokea tuzo ya Grammy Februari 2011 akiwa na miaka 97, na mwezi uliofuata akafariki.

Basi ukimkuta mzee wa namna hii jukwaani, anza kwa kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, mara 12. Hesabu ikirudi nyumbani pale ulipotarajia, umo ndani ya bluzi. Akimaliza beti mbili na kuacha kuimba, endelea kuhesabu vilevile, usikilize mkono wa kulia unapita wapi huku wa kushoto ukibaki njiani. Hapo ni jazi. Kisha atarudi kwenye maneno. Zingatia mshororo wa tatu, na ile nafasi ndogo kabla ya kuuanza, ambapo vidole vimesimama na yeye peke yake ndiye anayejua neno linalokuja.